Mimi na King, Foleni Ikiwa Ndefu

Jumatatu

Nimetoka kazini nikapitia kibandani saa kumi na mbili kasoro. Kibanda kina runinga mbili. Moja ni ya mpira, nyingine ni ya mchezo wa kupigana wa Tekken 7. Benchi zima lilikuwa upande wa Tekken, na ile ya mpira haikuwa na mtu. Nikashika mkia.

Utaratibu wa hapa Mwananyamala haujabadilika. Anayeshinda anabaki. Anayefungwa analipa shilingi 500, anaachia pedi, na akitaka tena anarudi nyuma ya mtu wa mwisho. Mazoezi hayaruhusiwi, maana runinga ikiwa na mtu mmoja anayepiga sanamu isiyorudisha, hela haiingii. Kwa hiyo mtu anacheza dakika chache, kisha anangoja mpaka kiuno kinauma. Nangoja kwa sababu napenda mchezo huu, na wote tuliokuwa pale benchini tunaupenda.

Mbele yangu alikuwapo mwanafunzi wa chuo. Kila akifika kwenye kiti anaanza kuzungusha kishale juu ya sura za wahusika. Anampita Paul, anampita Lili, anarudi, anasita. Zamu iliyotangulia alikuwa na Hwoarang. Safari hii kamchukua Yoshimitsu. Kafungwa upesi, kalipa, kapita mbele yetu kurudi mkiani. "Kaka, mimi nataka niwajue wote," akaniambia, nami sikuwa nimemuuliza.

Mimi namchukua King. Ndiye niliyemkuta tangu enzi za Tekken 3, na sijaona sababu ya kumwacha. King ni mpiga mieleka anayevaa kichwa cha chui wa Amerika, na yumo tangu Tekken ya kwanza ya mwaka 1994. Waliomtunga walimchota kwa Fray Tormenta, padri wa Meksiko aliyepigana mieleka akiwa amefunika uso ili apate fedha za kulea yatima. Ndani ya hadithi ya mchezo, King wa kwanza anakufa kabla ya Tekken 3, na kijana aliyelelewa katika kituo chake anakivaa kile kichwa na kuendelea na kazi. Mtu amebadilika, jukumu limebaki. Habari hiyo inanigusa kila ninapobonyeza sura yake, na leo niliibonyeza nikiwa na mechi moja tu kabla ya fundi simu mmoja wa foleni kunitoa kwa mhusika aitwaye Bryan.

Nikarudi mkiani. Kibanda kikafungwa nikiwa wa tatu kutoka mbele.

Jumanne

Umeme umekatika katikati ya raundi ya mwisho. Nilikuwa naongoza. Mwenye kibanda akasema mechi imechezwa, kwa hiyo kila mmoja wetu atoe 250. Tukatoa.

Tukakaa gizani tukisubiri, na ndipo mjadala ulipoanza: mtu ashike mhusika mmoja au awe na wengi? Fundi simu ana Bryan wake, lakini anashikilia kwamba mchezaji kamili lazima awe na akiba. Ukikutana na mtu anayekusumbua, unabadilisha, unamletea wa kumtibua. Mwanafunzi wa chuo akaunga mkono. Kijana wa bodaboda akasema yeye anachukua yeyote ambaye msimu huo ana nguvu, maana watengenezaji wakitoa marekebisho, jana ulikuwa simba na leo umekuwa paka. Hoja yake ina ukweli. Mapigo hupunguzwa makali, mengine huongezwa, na aliyetegemea pigo moja hujikuta mikono mitupu.

Nikawakumbusha jinsi sisi tulivyopata wahusika wetu. Tekken 3 ilipoingia mitaani ikiwa kwenye PlayStation ya kwanza, ukiwasha mashine ulikuta wahusika kumi tu: Jin, Xiaoyu, Paul, Law, King, Lei, Hwoarang, Eddy, Yoshimitsu na Nina. Wengine walifunguka mmoja mmoja kadiri ulivyomaliza mchezo na wahusika tofauti. Ili wabaki, ilibidi uwe na kadi ya kumbukumbu. Kibanda chetu cha wakati ule hakikuwa na kadi. Kila umeme ulipokatika, waliofunguliwa walipotea, tukarudi kwa wale kumi. Basi kila mtoto akamshika aliyekuwapo daima. Nusu ya mtaa walimshika Eddy, kwa sababu kwa Eddy hata mtu wa kubonyeza-bonyeza vitufe vya mateke alionekana anajua capoeira. Mimi nikamshika King, ambaye kwa kubonyeza-bonyeza hakupi kitu.

Umeme ulirudi watu wakiwa wameshaondoka. Mwenye kibanda akaniambia nije kesho.

Jumatano

Sikwenda. Nimeshinda kwenye foleni ya kubadilisha kadi, katika ofisi ambayo dirisha moja kati ya manne ndilo lililokuwa na mtu. Nilipewa namba, kisha namba zikaanza kuitwa upya.

Nikatumia muda ule kutazama tena mechi ya Evo 2004, mashindano makubwa ya michezo ya kupigana, ile ya Pomona, California. Wengi wanaifahamu. Mchezo ni Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara wa Japani ana Ken, Justin Wong wa Marekani ana Chun-Li. Uhai wa Ken umebaki uzi. Pigo lolote maalumu, hata likikingwa, linamega kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichokuwa kimebaki. Kukinga ni kufa. Njia pekee ni kusukuma stiki kuelekea kwa adui wakati uleule pigo linapotua, jambo ambalo ukilikosea kidogo tu unapigwa wazi. Chun-Li akaachia mateke yake 15. Daigo akayapokea yote namna hiyo, la mwisho akiwa hewani, akashuka na kujibu kwa mfululizo uliomaliza mechi.

Watu husimulia mateke tu. Mimi natazama kile kinachofuata. Baada ya kupokea teke la mwisho, Ken hakusita hata chembe. Mfululizo wa kujibu ulikuwa tayari mikononi, umeshakaa humo siku nyingi, na akili yote ilikuwa kwa Justin Wong. Hilo ndilo analolipwa mtu aliyekaa na mhusika mmoja. Vidole vinaacha kuuliza maswali, macho yanakuwa huru kumtazama mwenzako.

Daigo hakutwaa ubingwa wa mchezo huo mwaka ule. Fainali alifungwa. Kifurushi changu nacho kiliisha kabla namba yangu haijaitwa.

Alhamisi

Nimerudi kibandani, nikamkuta mwanafunzi wa chuo kiti cha kwanza, akiwa na Steve Fox. Zamu yangu ilipofika akamwacha Steve, akamchukua Lili. Nikamfunga. Benchi likamwonea huruma, wakamruhusu arudie palepale bila kukaa foleni, jambo ambalo mimi sijawahi kufanyiwa. Akamchukua Paul.

Nieleze kilichotokea, maana ndicho kiini cha ubishi wote. Tekken inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Kwa wahusika wengi, ngumi ya haraka kuliko zote inafika kwa fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Hakuna jicho la binadamu linaloiona ngumi hiyo na kuijibu. Unaikinga kwa kuitarajia. Mieleka ya King ni ya polepole zaidi. Ile mikubwa inavunjwa kwa kitufe cha kushoto, cha kulia, au vyote viwili pamoja, na dalili pekee ni mkono upi umetangulia kunyooka. Muda wa kujinasua ni kama theluthi moja ya sekunde. Unatosha, kwa mtu ambaye ndani ya theluthi hiyo hana kazi nyingine. Kijana wa watu alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anatafuta ngumi za Paul ziko wapi. Nilimdaka akitafuta.

Hilo halikunifurahisha. Ana macho mazuri kuliko yangu na vidole vyepesi. Akikaa na mmoja tu kwa miezi michache, hapa mtaani hatashikika.

Fundi simu akaleta hoja ya Arslan Ash. Kwamba Mpakistani huyo ana wahusika wengi, mbona ni bingwa? Nikamjibu kwa mpangilio wa tarehe. Februari 2019 Arslan aliwasili Evo ya Japani, huko Fukuoka, baada ya safari iliyojaa usumbufu wa viza na ndege. Nje ya kwao karibu hakuna aliyemjua. Akatwaa ubingwa. Agosti mwaka uleule akatwaa Evo ya Las Vegas, akimfunga Knee wa Korea Kusini, mtu ambaye wengi walimhesabu kuwa mkubwa kuliko wote. Knee mwenyewe alishasafiri hadi Pakistani kucheza na vijana wa huko. Nguzo ya Arslan wakati ule ilikuwa Kazumi. Baadaye akajulikana pia kwa Zafina na Kunimitsu. Alihama kwa miaka, na kila alipohamia alijenga. Hakuhama kati ya mechi moja na nyingine huku benchi likimsubiri.

Fundi akasema Knee je, ambaye anajulikana kwa Bryan na bado anacheza karibu kila mtu? Hapo alinibana. Knee ni kweli. Lakini Knee amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, tena ndiyo riziki yake. Sisi tuna shilingi 500 na foleni.

Hili la foleni nimelifikiri njia nzima ya kurudi. Kule Japani vijana walikua kwenye kumbi za mashine za sarafu, na New York kulikuwa na ukumbi wa Chinatown Fair alikokulia Justin Wong. Ukifungwa, sarafu imekwenda na mwingine anakaa. Mahali pa namna hiyo kujaribu mtu mpya ni anasa. Uaminifu wa wakongwe kwa wahusika wao ulitengenezwa na gharama ya kusimama kwenye mstari. Daladala nayo ilijaa, nikasimama hadi Makumbusho.

Ijumaa

Pedi ya upande wa kulia imeanza kujivuta. Ukiiacha, mhusika anatembea mwenyewe kuelekea nyuma. Mwenye kibanda anasema ni mazoea tu.

Kijana wa bodaboda akaitaja pedi kuwa sababu ya kufungwa. Nikamweleza habari za Luffy, Mfaransa aliyetwaa Ultra Street Fighter IV huko Evo 2014. Alicheza kwa pedi ya PlayStation ya kwanza, chombo ambacho wengine walishakisahau, na mhusika wake alikuwa Rose, ambaye hakuwa chaguo la wengi. Mwaka mmoja kabla yake Xian wa Singapore alitwaa taji la Street Fighter IV, toleo lililotangulia, kwa Gen, mzee mwenye mitindo miwili ya kupigana ndani ya mwili mmoja, mgumu kujifunza, naye pia adimu. Wapinzani walikuwa hawajazoea kupigana nao. Hiyo nayo ni faida ya kumshika mtu asiyependwa na wengi: wewe unawajua wao wote, wao hawakujui.

Kulikuwa na binti kwenye foleni, anasoma kidato cha tano. Zamu yake ilirukwa, ikarukwa tena. Nikasema hapana, huyu alikuwa mbele yangu. Kwa Tekken hiihii QueenArrow wa Nairobi alisajiliwa na timu ya nje mwaka 2018, na hapa kwetu binti ananyimwa kiti cha plastiki. Akakaa. Akamchukua Xiaoyu, bila kuzungusha kishale. Alimtoa bodaboda, akamtoa fundi, akanitoa mimi, na akabaki kitini mpaka mama yake alipopiga simu.

"Huwa unacheza na nani mwingine?" mwanafunzi wa chuo akamuuliza binti alipokuwa anaondoka.

"Sina mwingine, kaka. Nina mdogo wangu tu wa kucheza naye, na pedi tunapeana."

Jumamosi

Nimekwenda kwa dada, Mbezi. Mpwa wangu ana Street Fighter 6 na intaneti ya nyumbani. Nilipofika luku ilikuwa imekwisha, na mtandao wa kununulia umeme ulikuwa chini. Tukakunywa chai kwanza.

Mchezo huu ulitoka Juni 2023 ukiwa na wahusika 18, na wengine wameongezwa baadaye. Daraja lako halihesabiwi kwa jina lako. Linahesabiwa kwa kila mhusika peke yake. Ukianza na mpya, unacheza mechi 10 za kupimwa, ndipo unapangiwa pa kuanzia. Mpwa wangu ameshapimwa na karibu kila mtu. Wote wako madaraja ya chini, wamepangana kama viatu mlangoni.

"Mjomba, mimi nikichoka na mmoja nahama," alisema. "Raha ya mchezo ni kuona kila mtu anafanya nini."

Sikumkatalia raha yake. Mchezo ni wake, na umri wake ni wa kuonja. Lakini nilimtazama akicheza, nikaona pale anapoumia. Guile anahitaji ushike nyuma kwa muda, chini kidogo ya sekunde moja, ndipo usukume mbele na kurusha. Zangief anataka uzungushe mduara mzima. Ken anataka robo duara. Mpwa wangu alikuwa na Guile, adui akaruka, naye akafanya mzunguko wa Ken. Guile akasimama tu. Kila mmoja anaacha tabia yake mikononi, na bila muda wa kutosha tabia hizo zinagombana.

Tukatazama pamoja fainali ya Evo 2023, ambapo zaidi ya watu 7,000 waliingia Street Fighter 6. Aliyebaki mwisho ni AngryBird wa Falme za Kiarabu, kwa Ken, akimfunga MenaRD wa Jamhuri ya Dominika. Mpwa wangu akasema, naye alikuwa na haki, kwamba Problem X wa Uingereza alitwaa Evo 2018 akiwa na wawili, M. Bison na Abigail. Nikakubali. Wawili waliokomaa ni mali. Sipingi wawili. Ninachopinga ni mchezaji kumwacha mhusika wake kila anapofungwa, kwa sababu kila kufungwa kuna swali ndani yake, na anayehama anaondoka kabla ya kulijibu.

Nikampa zoezi moja. Yule anayekufunga mara kwa mara, mchukue wewe, ingia kwenye chumba cha mazoezi, tazama mapigo yake yanaanzaje na yanaishia wapi, lipi likikingwa linamwacha wazi. Kisha rudi kwa mtu wako. Wale wengine ni wa kuwatembelea. Unakwenda kwao kujua siri za nyumba, halafu unarudi kwako. Akajaribu na Blanka, ambaye amemsumbua tangu mwaka jana. Baada ya muda akagundua kwamba lile pigo la kujiviringisha, likikingwa, si la kuogopa. Akafurahi waziwazi, nami nikafurahi.

Kisha intaneti ikaanza kuchelewa, Blanka akawa anaonekana mahali na kupiga kutoka mahali pengine. Dada akaita chakula.

Jumapili

Nimemfuata mwenye kibanda asubuhi, kabla hajafungua. Nilikuwa na ombi na nilikuwa nimeliandaa. Nikamweleza kwamba vijana wake hawabadilishi wahusika kwa ukaidi. Wanabadilisha kwa sababu hawana mahali pa kujifunza. Mtu akifungwa na Hwoarang hana pa kwenda kumchunguza Hwoarang isipokuwa kumchukua kwenye mechi ya kulipia, mbele ya benchi zima, na kufungwa naye. Chumba cha mazoezi kimo ndani ya mashine, kimekaa bure, na asubuhi kibanda hakina watu.

Alinisikiliza huku akifagia. Akauliza nani atalipia umeme. Nikasema anayefanya mazoezi atalipa, ila bei iwe ya mazoezi. Akaniacha nisimame pale hadi alipomaliza kufagia na kupanga viti. Akaenda kununua vocha. Akarudi.

Amekubali. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, shilingi 200 kwa nusu saa, mtu mmoja au wawili. Nyakati za shule ni kwa wasiosoma, Jumamosi na Jumapili ni kwa wote. Pedi ya kulia itakwenda kwa fundi wiki ijayo. Kuhusu Tekken 8, iliyotoka Januari 2024 ikiwa na wahusika 32, anasema mashine yake haiwezi kuibeba na hana fedha za nyingine. Nikamwambia hii tuliyo nayo bado hatujaimaliza.

Wa kwanza kufika alikuwa mwanafunzi wa chuo. Nilimuuliza atafanya mazoezi na nani. Akasema amemchagua Law, atakaa naye, ila nusu saa hii anataka kumtazama Hwoarang kwa sababu ndiye aliyemtoa wiki nzima. Nikamwambia aanze na kule kusimama kwake kwa mguu mmoja, maana mateke mengi yanayomchanganya yanatokea pale, na kusimama huko kuko kwa kushoto na kwa kulia. Aanze na kushoto.